Uwanja wa Wifi Tabu

Zuena alikuwa fundi cherehani wa Nyamwage, na sifa yake ilikuwa moja: hakuwa mtu wa njoo kesho. Ukimpelekea kitambaa akakwambia Ijumaa, basi Ijumaa unavaa nguo yako unakwenda nayo shughulini. Ahadi za watu alizitimiza zote. Zilizomshinda ni zile alizojipa mwenyewe.

Kubwa kati ya hizo ilikuwa ahadi ya kutembea. Miaka mingi ya kukaa kwenye cherehani ilikuwa imemnenepesha, na magoti yakaanza kulalamika. Mwanzo yaliuma wakati wa masika tu, baadaye yakauma wakati wote, mpaka akafika mahali hawezi tena kusujudu. Akawa anasali juu ya kiti, akiinamisha kichwa pale wenzake wanapoweka paji la uso chini. Vikongwe wa kijiji walikuwa bado wanasujudu, na yeye, ambaye nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza mvi, amekaa kitini. Goti lilimuuma, lakini kile kiti kilimuuma zaidi.

Muuguzi wa zahanati, binti mpole aitwaye Sabra, alimpima presha, akaguna.

"Mama, dawa nitakupa, na utameza. Ila hayo magoti yamebebeshwa mzigo. Tembea kila asubuhi, mwendo wa haraka, mpaka jasho likutoke. Mwili ukipungua na magoti yatapumua."

Zuena akaitikia vizuri kabisa. Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, akashika njia ya bondeni, ile inayopita kwenye mikorosho na kuteremka hadi kwenye mashamba ya mpunga, ambako msimu ukifika watu huhamia juu ya madungu yao kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Akaenda, akarudi, akaoga, akajiona mtu mpya. Baada ya siku chache ikaja kazi ya sare za harusi, akasema atarudia wiki ijayo. Wiki ijayo ikanyesha mvua. Mvua ilipokatika, alikuwa ameshasahau.

Akaanza tena, akaacha tena. Na watu nao hawakumsaidia. Nyamwage mtu mzima akionekana alfajiri anatembea haraka mikono mitupu, lazima aulizwe kama kuna msiba. Zuena alichoka kujibu, akawa anabeba jembe begani ili aonekane anakwenda shamba. Hapo wakaanza kumuuliza mwaka huu amepanda nini.

Mume wake, Mrisho, alikuwa mkulima wa ufuta, mtu wa maneno machache. Jioni moja alimkuta mkewe amekaa barazani, anajikanda magoti kwa mafuta ya nazi, uso umemvimba kwa hasira.

"Nani amekuudhi, mama Mudathiri?"

"Mimi mwenyewe. Watu wengine nawatimizia, mimi sijitimizii. Nimejiwekea adhabu, na zenyewe hazifanyi kazi. Nilisema nisipotembea sitii sukari kwenye chai."

"Ikawaje?"

"Nikajisamehe."

Mrisho akacheka kidogo kwa pua.

"Basi niadhibu wewe," Zuena akasema. "Siku nisiyotembea, uninyime hata salamu."

"Siwezi. Nitakuhurumia."

"Sasa nifanye nini?"

Mrisho akafikiri, akavua kofia, akaivaa tena. "Tafuta mtu asiyekuhurumia," akasema.

Alisema hivyo bila kukusudia kitu, lakini Zuena aliacha kujikanda, kwa sababu jina lilikuwa limeshamjia, na hakulipenda.

Lilikuwa jina la Tabu, dada mkubwa wa Mrisho. Tabu alikuwa mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya msikiti, katika nyumba yenye uwanja mpana na mti wa mkungu unaopukutisha majani mwaka mzima. Ulimi wake haukuwa na ala. Kwa miaka mingi mawifi hao wawili walivumiliana kama mawifi wanavyovumiliana, mpaka siku ya harusi ya Mudathiri, mtoto wa kwanza wa Zuena. Siku ile, chini ya turubai, mbele ya wageni waliotoka Kibiti na Ikwiriri na ukweni Mbwara, mama wa bwana harusi alivaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa mwezi mzima, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, na kiti kikafunguka miguu yote minne. Zuena akakaa chini kwenye mchanga. Palikuwa kimya kabisa kwa nukta moja, na kimya hicho kilivunjwa na kicheko cha Tabu. Baada yake wakacheka wote.

Tangu siku ile hawakuwa wakisemeshana. Wakikutana njiani, kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama upande mwingine.

"Nimepata adhabu," Zuena akamwambia mumewe. "Siku nisiyotembea, nitakwenda kwa dada yako, nimpe shikamoo, na nimfagilie uwanja. Wallahi..."

"Usiape," Mrisho akamkata. "Hilo si jambo la kuliapia. Ahidi tu."

"Nakuahidi wewe, basi."

Mrisho akamtazama sana. Kufagia uwanja wa mtu mwingine alfajiri, kijiji kizima kinaona, ni kazi ya binti wa nyumba ile au mkamwana wake. Kwa mtu kama Zuena, fundi, mama wa watu wazima, ilikuwa afadhali achapwe.

"Mungu akusaidie utembee," akasema.

Na kweli alitembea. Kila alfajiri mwili ulipomwambia lala, aliuona ule uwanja mpana na yale majani mapana ya mkungu, na Tabu amesimama mlangoni mkono kiunoni, akaruka kitandani. Alitembea akiwa na usingizi, alitembea akiwa na mafua, alitembea kwenye manyunyu kajifunika khanga. Jasho lilimtoka kama alivyotaka Sabra. Lile jembe akaliacha nyumbani, kwa sababu mwenye haraka hana muda wa kubeba uongo.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mvua ilishuka kabla ya adhana na haikukatika. Zuena akavuta shuka. "Mvua hii hata ng'ombe hatoki," akajiambia, akalala usingizi mtamu. Alipoamka, mvua ilikuwa imekwisha, jua limetoka, na Mrisho yuko barazani anakunywa chai. Fagio la chelewa lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango.

"Ilikuwa mvua," Zuena akasema.

"Nilisikia," Mrisho akasema, akapuliza chai yake.

Zuena akalitazama lile fagio. Angeweza kujisamehe kama alivyojisamehe kwa sukari. Lakini safari hii alikuwa ameahidi mtu, naye hakuwa mtu wa njoo kesho. Akalichukua.

Tabu alikuwa amechutama jikoni, anapuliza moto. Aliposikia hodi akatoka, akamwona wifi yake na fagio mkononi, akasimama.

"Shikamoo wifi," Zuena akasema.

Tabu alilitazama lile fagio juu mpaka chini. "Marahaba," Tabu akajibu. "Kuna nini? Mrisho mzima?"

"Mzima. Nimekuja kukufagilia uwanja."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Akainama, akaanza kufagia. Majani yalikuwa yamelowa, yameshikana na tope. Wanawake waliokuwa wakienda bombani walipunguza mwendo kutazama, mmoja hata akatua ndoo. Tabu alisimama mlangoni muda wote, mkono kiunoni kama Zuena alivyomwona akilini, hakusaidia, hakuzuia. Zuena alipomaliza aliaga, akarudi nyumbani masikio yakimwaka moto. Kesho yake alikuwa njiani kabla majogoo hawajajipanga kuwika.

Lakini mtu ni mtu. Msimu wa harusi ulipoanza, kazi zilimjaa, akawa anachelewa kulala na kukosa asubuhi moja hapa, nyingine pale. Kila alipokosa alichukua fagio. Mara ya pili Tabu alimwambia, kwa sauti kavu, "Siku ile ulipoondoka nilichimba kona zote za uwanja kutafuta ulichofukia."

"Ukapata nini?"

"Kijiko changu kilichopotea mwaka juzi."

Zuena alicheka kabla hajakumbuka kwamba hasemeshani na mwanamke huyu.

Mara nyingine alikuta kigoda kimewekwa nje na bakuli la uji wa mchele limefunikwa kwa sahani. Tabu hakumkaribisha. Alisema tu, "Huo uji umezidi." Baadaye ikawa mihogo ya nazi, nayo imezidi. Wakati Zuena anakula, Tabu alikuwa akizungumza, kwanza kama mtu anayezungumza na kuku wake, kisha kama mtu anayezungumza na mtu. Alisimulia jinsi alivyomlea Mrisho baada ya mama yao kufariki, na jinsi Mrisho alivyokuwa mtoto asiyelia hata akiumwa na siafu. Akasema mkono wake wa kulia ulikuwa haunyanyuki kupita bega tangu kiangazi kilichopita. Hapo Zuena akaelewa kwa nini ule uwanja, kabla hajaanza kuufagia, ulikuwa ukifagiwa karibu na mlango tu.

Bila mwenyewe kujua, Zuena akaanza kukosa asubuhi nyingi. Aliamka, akanyoosha miguu, akasikia magoti mazito, akasema moyoni, basi leo nitakwenda kwa wifi. Magoti yakaanza kuvimba upya. Sabra alimpima akamuuliza kama bado anatembea, naye akajibu kwamba huwa anafagia.

Mrisho aliyaona yote. Asubuhi moja mkewe alipokuwa anatoka na fagio lake, alimwita.

"Mama Mudathiri. Hiyo ni adhabu?"

"Si tuliahidiana?"

"Adhabu gani mtu anaivalia khanga mpya?"

Zuena akajitazama. Hata hivyo akaenda.

Wiki ile ile Mrisho alimpelekea dada yake mfuko wa korosho. Tabu alikuwa na furaha ambayo Mrisho hakuwa ameiona kwake tangu alipofiwa na mumewe. "Mkeo kabadilika," akamwambia. "Kaniona nazeeka peke yangu, kaja bila kuitwa. Mimi nilimdhania vibaya." Mrisho, ambaye hakujua kusema uongo hata wa heri, alikohoa, akatazama chini. Tabu akamuuliza kuna nini. Akauliza tena. Mrisho akamwambia.

Zuena alikuwa anapinda pindo la gauni la mteja alipoona fagio lake, lile aliloliacha kwa Tabu siku iliyotangulia, linawekwa juu ya meza ya cherehani. Akainua macho. Tabu alikuwa amesimama mbele yake, anahema kwa mwendo.

"Chukua fagio lako."

"Wifi, karibu, kaa..."

"Sikai. Nimekuja kuuliza neno moja. Ni kweli ulitafuta kitu kibaya kuliko vyote hapa Nyamwage, kitu cha kujichapia, ukanipata mimi?"

Zuena akasimama. Angeweza kusema Mrisho hakueleza vizuri. "Ni kweli," akasema. "Mwanzo ilikuwa hivyo."

"Kumbe mimi bakora," Tabu akasema. Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Zuena. "Nakaa nakukorogea uji, najisemea nimepata mtu. Kumbe mwenzangu anatumikia kifungo. Usije tena."

Akaondoka zake, mkono mmoja unapunga, ule mwingine umelala ubavuni.

Zuena hakushona tena siku ile. Alimlaumu Mrisho kidogo, kisha akaacha, kwa sababu aliyefanya jambo ni yeye. Usiku hakula. Alfajiri aliamka mwenyewe, bila kuogopa uwanja wa mtu yeyote, akaenda bondeni. Alikwenda na kesho yake, na siku zilizofuata. Haikuwa bidii. Nyumbani mawazo yalimkalia kifuani, na njiani yalipungua. Alipita kwenye mikorosho akiwaza maneno ya kumwambia Tabu, akafika kwenye madungu akayaona hayafai, akarudi akitafuta mengine.

Asubuhi moja akitoka bondeni hakukata kona ya kwake. Alinyoosha njia, akapita msikiti, akaenda hadi kwa Tabu. Majani ya mkungu yalikuwa yamejaa uwanja mzima. Tabu alikuwa ameketi kizingitini anachambua mchele.

"Shikamoo wifi."

Tabu hakuitikia. Aliitazama mikono ya Zuena. Haikuwa na fagio. Akaitazama miguu yake iliyojaa vumbi la njia, na gauni lililolowa jasho mgongoni.

"Leo nimetembea," Zuena akasema. "Nimefika mpaka bondeni na kurudi. Kwa hiyo leo sina adhabu. Nimekuja mwenyewe."

Tabu akaendelea kuchambua mchele. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nilikukosea," Zuena akasema. "Nilikosa tangu kwenye kulitaja jina lako. Halafu nikakosa mara ya pili, nilipoanza kufurahi kuja nisikuambie. Nisamehe."

"Siku ile ya harusi," Tabu akasema bila kuinua macho, "nilicheka. Na nikwambie ukweli, ukianguka vile tena nitacheka tena. Mtu akianguka mimi nacheka, hata mume wangu alipoanguka mnazini nilicheka kwanza ndipo nikapiga yowe. Ndivyo nilivyoumbwa. Lakini mume wangu nilikwenda kumwinua. Wewe nilikuacha pale mchangani mpaka wageni wakakuinua. Hapo nilikosa."

Kuku akapita katikati yao.

"Marahaba," Tabu akasema mwishowe. "Kaa. Umesimama kama mdai."

Zuena akakaa. Tabu akaingia ndani, akatoka na maji ya kunywa, akamtazama akinywa.

"Haya magoti yako," akaanza, "Mrisho anasema yamerudi kuvimba."

"Yamerudi. Maana nilikuwa nakuja huku badala ya kutembea."

"Basi adhabu yako uliipanga vibaya. Umeweka uji mahali pa fimbo." Akachukua ungo wake, akapeta mchele. "Tufanye hivi. Siku uliyotembea, njoo, tukae. Siku usiyotembea, usinipigie hodi. Sitafungua. Na mimi si Mrisho, nakwambia mapema."

"Hata nikiwa naumwa?"

"Ukiumwa nitakuja kukutazama mimi. Uvivu ndio sitauangalia usoni."

Zuena alikubali, na hata Mrisho alipoambiwa alikiri kwamba hilo lina akili. Tangu hapo mambo yakaenda. Hayakwenda kwa kishindo, yalikwenda kama maji ya bonde yanavyopungua, huoni yanapotoka, unaona tu tuta limechomoza. Alibana magauni yake mwenyewe mishono ya ubavuni, kisha akayabana tena. Sabra alimpima akamwandikia dawa ileile lakini kwa tabasamu. Mwezi wa Rajabu, nyumbani kwake, Zuena alijaribu kushuka kwenye mkeka. Goti moja lililia, lingine likakubali, na paji la uso likagusa chini. Alibaki pale muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, na kuinuka ilibidi ashike ukingo wa kitanda, lakini aliinuka. Alimsimulia Tabu kwanza, kabla ya mumewe. Tabu akasema alhamdulillahi, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasingizia moshi.

Asikwambie mtu kwamba Zuena hakukosa tena. Alikosa. Kuelekea Idi ya kuchinja, cherehani ilimshika mpaka usiku wa manane, na asubuhi yake akalala mpaka jua likaingia dirishani. Alioga, akavaa, akachukua gauni jipya alilomshonea Tabu kwa ajili ya sikukuu, akaenda nalo. Alijua sheria, lakini alidhani gauni litamwombea.

"Hodi!"

"Nani?" sauti ikatoka ndani.

"Mimi wifi. Nimekuletea gauni lako."

"Umetembea?"

Zuena akaguna. "Nilikuwa namalizia hili gauni lako, wifi, mpaka..."

"Nimeuliza, umetembea?"

"Sijatembea."

Akasikia hatua zinakuja mlangoni, akajipanga kucheka naye. Badala yake akasikia komeo likisukumwa, taratibu, mpaka mwisho. Kisha hatua zikarudi zilikotoka.

"Wifi Tabu! Jua limeshakuwa kali!"

"Ndiyo maana watu huenda alfajiri," Tabu akasema kutoka jikoni.

Zuena alisimama pale, gauni mkononi, hajui akasirike au acheke. Mwisho alilitundika kwenye msumari wa nguzo ya baraza, akakaza khanga kiunoni, akashika njia. Jua lilikuwa la saa nne, la kuchoma utosi. Alipofika kwenye mikorosho alikutana na mwanamke mgeni, ametoka pande za Mtunda kuja kuuguza nduguye, na mzigo wa kuni kichwani. Yule mwanamke akamwona anavyotweta, kavaa vizuri, peke yake, kajaa jasho.

"Mwenzangu, mbona hivyo na jua lote hili? Kwema?"

"Nimefungiwa mlango," Zuena akasema.

Yule mwanamke akasimama, akashika mzigo wake kwa mkono mmoja ili amtazame vizuri. "Pole sana, dada," akasema kwa huruma ya kweli. "Waume ndivyo walivyo. Atafungua tu."

Zuena angemweleza, lakini kueleza kulikuwa na safari ndefu, na bonde lilikuwa bado mbali. Akashukuru, akaongeza mwendo.